Kamera ya Kikundi Ikipoteza Fokasi: Kosa ni la Mpiga Picha au la Kamera?

Vikundi vichache bado vina kamera za filamu. Nyingine ziliachwa na wageni waliofanya kazi nasi miaka ya nyuma, nyingine kikundi chenyewe kilichanga kikanunua kabla simu za mkononi hazijaanza kupiga picha. Siku hizi vijana wamezitoa tena sandukuni, maana kuna watu wanaopenda picha za filamu na wako tayari kulipa. Sisi hatuna neno. Lakini malalamiko tunayoletewa ni yale yale: picha zinarudi kutoka studio zikiwa na ukungu, sura za watu hazionekani vizuri, na pesa za filamu na za kuosha zimekwenda. Halafu yanafuata maneno katika mkutano.

Tunataka kueleza namna ya kujua kosa liko wapi kabla ya mtu yeyote kulaumiwa, na kabla kamera haijapelekwa kwa fundi. Mtahitaji tepu ya fundi seremala, chupa saba za soda, selotepu ile isiyong'aa, na kioo cha kukuzia. Bisibisi hatukuitaja, na tumeiacha makusudi.

Kamera tunayoizungumzia

Tunazungumza juu ya kamera zenye kipimo cha umbali, ambacho mafundi wanakiita renjifainda. Mfano ni Yashica Electro 35 ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1966, au Zorki-4 ya Umoja wa Kisovieti, iliyotengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973. Mtaitambua hivi: mbele, juu ya lenzi, ina madirisha mawili, moja kubwa na moja dogo. Ukichungulia kwa nyuma unaona katikati kidoa cha rangi ya manjano au cheupe, na ndani yake kitu kimoja kinaonekana mara mbili. Ukizungusha lenzi, zile sura mbili zinasogeleana hadi zinakuwa moja. Hapo ndipo fokasi.

Inafanyaje kazi? Nyosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja halafu lingine. Kidole kinaruka. Kilete karibu na pua, kinaruka zaidi. Macho mawili yakitengana kidogo yanaweza kupima umbali, na kamera hii ina macho mawili, yaani yale madirisha. Kadiri yanavyotengana ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi. Kwenye Zorki-4 yametengana milimita 38 tu, lakini kwenye Leica M3 ya mwaka wa 1954 ni milimita 68.5. Ndiyo maana mwenye Zorki lazima awe na subira zaidi akilinganisha zile sura mbili.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo chanzo cha mengi. Kamera hii haitazami kupitia lenzi. Jicho linalopima ni kitu kimoja, na lenzi inayopiga picha ni kitu kingine. Vimeunganishwa na mkono mdogo wa chuma ndani ya kamera, mpango ambao Leica waliuleta kwenye kamera zao mwaka wa 1932. Katika dirisha kila kitu kinaonekana safi wakati wote, hata kama kifuniko bado kiko kwenye lenzi. (Msicheke, tumeona filamu nzima imepigwa kifuniko kikiwa juu.) Kamera ikianguka, au ikitikiswa miaka mingi kwenye matatu, macho yanaweza kusema mita 2 na lenzi ikawa imejiweka mita 2 na zaidi. Mpiga picha hana njia ya kujua hayo kwa kutazama tu.

Anzeni na negativu

Msianze na picha za karatasi, wala zile mlizotumiwa kwenye simu. Mashine ya studio nayo inaweza kukosea fokasi. Chukueni negativu zenyewe, mziweke mbele ya dirisha lenye mwanga, mzitazame kwa kioo cha kukuzia. Kama negativu ni safi na karatasi ina ukungu, rudini studio mkadai haki yenu.

Kama negativu nayo ina ukungu, tafuteni kama kuna kitu chochote katika picha kilicho wazi. Hapa ndipo wengi wanapita haraka, na hapa ndipo penye habari. Kamera iliyotikisika mkononi huharibu picha nzima, na kila kitu kinavutika upande mmoja. Kwenye Electro taa ya manjano ikiwaka mjue spidi ni ndogo na mkono hautoshi. Tafuteni stendi au ukuta wa kuegemea. Mtoto aliyerukaruka atakuwa na ukungu peke yake, wenzake wako sawa. Lakini kama nyuso zina ukungu na ukuta ulio nyuma yao unaonekana kila ufa, au nyasi mbele ya miguu zinahesabika moja moja, basi fokasi ilikwenda pengine. Na kama hakuna kitu kilicho wazi na kila mwanga una duara la moshi, tazameni lenzi yenyewe. Sehemu zenye unyevu, kama Pwani na kando ya Ziwa, kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Hiyo ni shida ya usafi, siyo ya kipimo.

Kisa kimoja kitawaonyesha kwa nini tunasisitiza hivyo. Kikundi kimoja cha akina mama katika eneo letu kilimtuma kijana wao awapige picha wazee waanzilishi waliobaki, wakiwa wamekaa barazani wameegemea ukuta. Picha zilirudi mbaya. Mkutano ukaandika katika kumbukumbu kwamba kijana alipe filamu na gharama za kuosha, kwa kuwa alifanya kazi kwa mchezo. Yeye akasema alilinganisha zile sura mbili kila mara. Hakuna aliyemwamini, maana picha alizopiga nje juani siku hiyo hiyo zilikuwa nzuri. Tuliomba tuone negativu kabla ya kuzungumza habari ya pesa. Katika kila picha ya barazani, zilizopigwa kutoka kama mita 2, ukuta ulikuwa wazi na nyuso zimefifia. Mtu mzembe hukosea huku na huku. Huyu alikuwa amekosea upande ule ule, kwa kiasi kile kile, kila mara.

Na zile za juani? Juani tundu la lenzi hufungwa likawa dogo, na tundu dogo husamehe makosa. Chukueni lenzi ya milimita 45 kama ya Electro. Ukifungua tundu lote, yaani 1.7, na mtu yuko mita 1, sehemu iliyo wazi ni kama sentimita 5 tu, nusu mbele na nusu nyuma. Ukilifunga hadi 8 na ukalenga mita 3, vitu vyote kutoka kama mita 2.2 hadi mita 4.6 vitakuwa wazi vya kutosha. Kwa hiyo kamera yenye kosa inaweza kukaa miaka inapiga picha za mikutano ya nje bila mtu kugundua, halafu siku ya picha ya ndani, ile ya maana, ikawaangusha.

Jaribio la mbali

Simameni mahali pa wazi mkitazama kitu chenye mistari iliyosimama wima, kilicho mbali zaidi ya kilomita moja: mlingoti wa simu, mnara wa kanisa. Usiku mwezi unafaa sana. Zungusheni lenzi mpaka igome kwenye ile alama ya 8 iliyolala, yaani mbali kabisa. Chungulieni. Zile sura mbili zinatakiwa ziwe moja kamili. Kama mlingoti umekuwa miwili kando kando, kipimo kimehama. Ni kama mizani ya kituo cha kununulia kahawa ambayo mshale hausimami kwenye sufuri: kila gunia litakalopimwa litakuwa na kosa lile lile.

Kama sura moja iko juu kidogo ya nyingine, hilo pekee halipotezi fokasi. Linachosha macho tu na kufanya mtu abahatishe.

Kama kidoa kimefifia kiasi kwamba sura ya pili haionekani, bandikeni kipande kidogo cha selotepu nyeusi nje, katikati ya dirisha kubwa. Mwanga wa kawaida utapungua hapo na kidoa kitajitokeza. Msijaribu kufungua na kupangusa kile kioo cha ndani. Rangi yake ni nyembamba mno na hutoka kwa pamba.

Jaribio la chupa

Toeni filamu. Fungueni mlango wa nyuma. Mtaona reli nne, mbili za ndani na mbili za nje. Filamu hulala juu ya zile za ndani, kwa hiyo vuteni selotepu isiyong'aa kutoka reli ya ndani hadi ya ndani, imekazwa kama ngozi ya ngoma. Ikilegea, au ikipanda reli za nje, jaribio lote litawadanganya. Wenye subira wanaweza kukata kipande cha kioo kinachoingia kati ya reli za nje na kusugua upande mmoja kwa ile dawa ya kusagia valvu ya gereji. Upande uliosuguliwa utazame lenzi. Kioo ni bora kuliko selotepu kwa sababu hakipindi.

Weka kamera kwenye meza imara au stendi. Pangeni chupa saba juani, kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kwa sentimita 5 na kando kidogo ili zote zionekane. Kila chupa ibandikwe karatasi yenye herufi kubwa, A ya karibu hadi G ya mbali. Karatasi ya D, ya katikati, iwe mita 1 kamili kutoka kwenye filamu. Si kutoka kwenye pua ya lenzi! Kamera nyingi zina alama juu, duara lililokatwa na mstari. Hapo ndipo filamu ilipo, na hapo ndipo tepu ianzie.

Sasa fungueni tundu lote. Mtu mmoja achungulie dirishani, alinganishe sura mbili kwenye ukingo wa wima wa karatasi ya D, kisha aondoe mkono. Wekeni spidi kwenye B na mwingine abonyeze na kushikilia, au mtumie kebo yenye kufuli. Jifunikeni kichwa na leso, mtazame ile selotepu kwa kioo cha kukuzia. Chupa zitakuwa zimegeuka miguu juu, msishangae. Herufi gani iko wazi kuliko zote? Andikeni. Kisha haribuni fokasi, na mtu wa pili afanye bila kuambiwa jibu la kwanza. Halafu wa tatu.

Kama majibu ni D, D, D, kamera haina neno. Kama ni C, F, D, shida iko kwenye macho au kwenye kidoa kilichofifia. Mpeni kazi mwenye macho mazuri, au avae miwani yake. Zorki-4 ina kishikio cha kurekebisha macho chini ya kile kirungu cha kurudishia filamu, na wengi hawakijui. Angalieni pia kama kidole cha mpigaji kinaziba lile dirisha dogo. Kama ni E, E, E, na watu watatu tofauti, hapo kamera imejishuhudia yenyewe. Kile kikundi cha akina mama kilipata E mara tatu. Ile faini ilifutwa katika kumbukumbu siku hiyo hiyo. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na picha yake haikupatikana tena.

Wenye Zorki wakumbuke mambo mawili. Msigeuze namba za spidi kabla ya kuvuta filamu, mtavunja. Na msiache lenzi ikitazama jua bila kifuniko, kwa sababu pazia lake ni la kitambaa na jua hulichoma tundu.

Majibu yanasema nini

Kabla hamjaiondoa selotepu, elekezeni tena kamera kwenye ule mlingoti wa mbali, lenzi ikiwa imegota mbali kabisa na tundu limefunguka lote. Tazameni kama mlingoti uko wazi kwenye selotepu.

Ukiwa wazi, lakini dirishani mnaona milingoti miwili, lenzi ni nzima na ni macho tu yaliyohama. Hili ndilo tunaloliona mara nyingi, na ndilo rahisi. Kwa kawaida ni skrubu moja. Kwenye Zorki-4 kuna skrubu ndogo ya kifuniko upande wa mbele, karibu na madirisha. Ukiitoa, ndani yake ndipo penye ile ya kurekebisha, nayo huzungushwa kidogo sana, huku mtu akitazama mlingoti. Kwenye Electro lazima kifuniko chote cha juu kifunguliwe, na hiyo sisi tungemwachia fundi. Kabla haijatengenezwa, kamera kama hii bado inafaa kazi. Namba za mita kwenye lenzi ni za kweli, kwa hiyo pimeni kwa tepu na mziweke kwa mkono. Tumeona harusi imepigwa hivyo, mtoto mmoja akikimbia na tepu.

Dirishani mlingoti ni mmoja lakini kwenye selotepu una ukungu? Ulizeni kama lenzi iliwahi kufunguliwa kusafishwa kuvu. Mara nyingi ilifunguliwa, na vioo havikurudishwa mahali pake kamili. Hapo kugusa kipimo ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Kama mbali kote ni sawa lakini chupa zinakataa, shida iko kwenye ule mkono unaounganisha, au lenzi na kamera hazikuzaliwa pamoja. Lenzi za Kisovieti za kuzungusha za milimita 39 huingia vizuri kwenye Leica za zamani na kwenye baadhi ya kamera za Canon, lakini nyingi hazipatani nazo kwa vitu vya karibu. Fundi anaweza kurekebisha, ila lenzi na kamera zipelekwe pamoja.

Na kama kila jaribio limepita lakini filamu inarudi na ukungu upande mmoja tu, tazameni ile sahani ya mlangoni inayobana filamu. Ikiwa springi yake imelegea au ina uchafu, filamu hailali sawa.

Kumpelekea fundi

Mafundi waliozoea kamera hizi wamebaki wachache, na wengine watakuambia kwanza kwamba lenzi imekufa, nunua nyingine. Msiende mkono mtupu. Bebeni karatasi iliyoandikwa: mbali dirishani, mlingoti mmoja au miwili, mbali kwenye selotepu, wazi au ukungu, mita 1, herufi gani, mara tatu. Fundi mzuri atafurahi kwa sababu mmemwokolea nusu siku. Asiyetaka kuisoma, tafuteni mwingine. Patana naye bei ya kurekebisha kipimo peke yake, na mweka hazina apate risiti.

Kamera ikirudi, msiipeleke moja kwa moja kwenye sherehe. Pangeni chupa tena, watu wale wale watatu, kabla ya kumaliza malipo. Kisha pigeni fremu tatu nne za chupa hizo mwanzoni mwa filamu inayofuata, tundu likiwa limefunguka lote, mwone D kwenye negativu yenyewe. Filamu ina picha 36, kwa hiyo mnaweza kuzitoa hizo. Karatasi ya majibu, ya zamani na mpya, ikae ndani ya mfuko wa kamera pamoja na tarehe, na kila anayeazimwa kamera aisome kwanza.